Giaboksi Haipumziki kwa Fri

Achieng' mwanangu,

Hii barua nimeisukuma ndani ya kiatu chako cha kushoto kwa sababu nakujua. Ningeiweka mezani, ungeweka kikombe juu yake. Ningeitia kwa begi, ungeipata Kitale unakopeleka mitumba, na huko itakuwa imechelewa. Lakini bila kiatu huwezi kutoka, na mguu ukikuta karatasi utakasirika, utaitoa, utaisoma. Kasirika tu. Mimi nimekasirika tangu jana.

Ukiamka usinitafute. Nitakuwa nimetangulia Kawangware, niko pale mbele ya garage ya Mutua na jiko langu la maandazi kama siku zote. Soma yote kabla ya kushika njia. Yote, si vile unasomaga mstari wa kwanza na wa mwisho halafu unasema umeelewa.

Salamu za kuuliza hali yako sikuandikii. Hali yako naisikia, uko hapa nyuma ya pazia unakoroma kama lori la mchanga. Mambo ya kuvaa sweta, na kanisa gani uende, na nani usimfungulie mlango, nayo nayapita. Hayo nimeyasema mpaka majirani wa Laini Saba wote wameyashika kwa kichwa. Kama hayakuingia kwa masikio hayataingia kwa penseli. Nakuandikia juu ya giaboksi.

Najua umecheka. Cheka umalize, halafu uendelee.

Jana nilipokwambia ile gari haijawa tayari kupanda Mau Summit na robota za mitumba, ulinijibu nini mbele ya mafundi? Nitakukumbusha. Ulisema, "Mathe, wacha kunichomea. Hii ndai iko fiti. Temprecha haijapanda hata kidogo." Ukagonga kioo cha dashibodi na kidole, ule mshale ukatulia chini kama mtoto mwenye adabu, na mafundi wote wakacheka. Yule mrefu wa kupiga rangi akaongeza, "Mama Achi, wewe shughulika na hamira, injini utuachie sisi."

Niligeukia maandazi yangu. Si kwa sababu sikuwa na la kusema. Ni kwa sababu mkate wa mtu haugombezwi mbele ya watu, na wewe ndiye ulikuwa umesimama pale kama mwenye gari kwa mara ya kwanza maishani mwako. Sikutaka kukuvunja. Lakini neno lako nilienda nalo nyumbani, na ninalo mpaka sasa.

Achieng', ule mshale unajua maji ya injini. Giaboksi hauijui. Giaboksi inaweza kuchemka mpaka ikaiva, na ule mshale bado umelala pale chini unakudanganya kwamba mambo ni poa.

Wacha nikwambie vile mimi naielewa hii gari yako, na kama nimekosea Mutua yuko, utamuuliza. Ilipotoka Japani ilikuwa na injini ndogo na giaboksi ya otomatiki, hiyo isiyo na klachi ya mguu. Injini ikafa, wewe na Mutua mkaweka hii kubwa ya pikapu. Sawa. Nilifurahi, hata nilileta maandazi ya bure siku ilipowaka. Lakini injini kubwa haikutosha na ile rejeta yake ya kwanza, kwa hivyo mkatafuta rejeta ya pikapu. Hiyo pikapu ilikuwa ya gia za mkono. Sasa, rejeta ya gari ya otomatiki iko na vidomo viwili kule chini. Mafuta ya giaboksi yanatoka kwa bomba moja yakiwa moto, yanapita ndani ya rejeta yanapoa, yanarudi kwa bomba la pili. Hii ya pikapu haina vidomo. Yale mabomba mawili yakabaki yananing'inia, na Mutua akayaunganisha na kipande cha mpira, akakaza klipu mbili, akasema ni ya muda.

Kwa hivyo mafuta yanatoka kwa giaboksi yakiwa moto, yanazunguka kwa mpira, yanarudi yakiwa moto vile vile. Ni kama mtu ambaye nyumba yake inaungua, anatoka mlango wa mbele, anaizunguka, anaingia tena kwa mlango wa nyuma.

Na injini sasa ni kubwa kuliko ile giaboksi ilizaliwa nayo. Giaboksi inasukumwa na nguvu isiyo yake, na mahali pa kupozea umeondoa.

Hiyo "ya muda" ya Nairobi naijua. Hii nyumba ya mabati tuliingia ikiwa ya muda. Wewe ulikuwa unanyonya.

Mutua nilimuuliza kwa nini alikubali. Unajua Wakamba hawapendi kelele, alifuta mikono polepole kwanza. Akaniambia, "Mama Achi, nilimwambia tutafute rejeta ndogo ya kuweka mbele. Akasema atanunua akifika Kitale. Akasema wateja wa soko hawangoji. Mimi ningefanya nini? Gari ni yake."

"Na wewe ni fundi."

"Ni fundi, ndio. Si polisi."

Basi nikamwambia avute kile kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, injini ikiwa inanguruma, vile inafaa. Nikakipangusa na kitambaa changu cheupe cha kufunikia maandazi. Hayo mafuta yakiwa mazuri ni mekundu, yanang'aa kama fanta ya stroberi. Yako yalikuwa na rangi ya chai ya rangi iliyolala. Na nilipoyaleta puani sikuhitaji fundi. Nimekaanga maandazi tangu ukiwa darasa la kwanza, najua harufu ya mafuta yaliyochomwa. Mafuta ya karai ukishayapitisha moto, hata uzime jiko, hata uyaache mpaka kesho yakapoa kama maji ya mtungi, hayarudi kuwa mazuri. Andazi litanyonya, litakuwa jeusi nje na bichi ndani. Na hapo gari imezunguka tu Kawangware, Riruta na kurudi. Haijabeba robota hata moja. Haijaona mlima.

Sasa nataka nikurudishe kwa gari ya baba yako. Usigune. Najua unaijua hiyo hadithi, lakini unaijua vile baba yako huisimulia kule nyumbani Siaya kuchekesha wageni. Mimi kwake ni yule mwanamke aliyepungia watu mkono ndani ya gari iliyokufa. Ni kweli nilipunga. Lakini baba yako akifika hapo watu wanacheka, na mwisho hausikiki tena.

Wewe uliachwa hapa kwa dada yangu. Tulikuwa tunaenda nyumbani kuona nyanya yako. Ile gari yake ndogo ilikuwa otomatiki ya kwanza kuonekana kwa plot yetu, na baba yako alikuwa ameanza kuifanyia teksi pale Riruta. Alikuwa anaiendesha kama mtu amebeba mayai. Tulipofika kule juu, mahali barabara inaanza kuteremka kuelekea Mai Mahiu, mimi ndiye nilifungua mdomo. Nilimwambia, "Baba Achi, si uweke fri, uachie gia? Wenzako wote wanaweka fri wakiteremka. Mafuta unamchomea nani?"

Akanijibu kwa jina la kwetu, "Nyar Alego, hii si matatu."

Nikamwambia, "Gari ni gari. Hata mlima unakusukuma bure na wewe unakataa."

Nilimsumbua, Achieng'. Unajua nikianza kusumbua vile ninakuwa. Mwishowe akaweka fri, na kwa sababu nilikuwa bado naongea, akazima na injini kabisa ili ninyamaze. Tukateremka kimya. Ilikuwa raha ambayo sijawahi kuonja tena. Upepo tu na tairi. Niliona Longonot kule chini nikahisi sisi ni watu. Nikamwambia, "Unaona? Hata gari inapumzika."

Haikuwa inapumzika. Hii nilikuja kuelezwa baadaye na Mutua, wakati kueleza hakukuwa na faida. Gari ya gia za mkono ukiiweka fri, haina shida kubwa. Ya otomatiki ina kapampu kake ndani ya giaboksi, na hako kapampu kanazungushwa na injini. Injini ikizima, kapampu kamekufa, mafuta hayasambai. Lakini magurudumu yanazunguka, na yanazungusha vyuma vya ndani. Kwa hivyo vile mimi nilikuwa nikisifu upepo, vyuma vilikuwa vinasagana vikavu. Tulipofika chini baba yako akawasha, akatia gia, gari ikaruka kama punda amepigwa jiwe. Nikamwambia anaendesha vibaya.

Kufika mbele ya Naivasha, kwa kile kilima cha kwanza, injini ikawa inalia lakini gari haiendi. Inalia, haiendi. Hiyo ndiyo dalili, ishike: injini inapanda sauti na gari haipandi mlima. Ukisikia hivyo usikanyage zaidi. Sisi tulikanyaga. Harufu ikaja, na mimi nikasema ni mtu anachoma takataka shambani.

Nilifanya na ujinga mwingine ambao baba yako huuacha kwa sababu yeye pia alinisaidia. Tulichota maji kwa mtaro, nikalowesha gunia, nikalala chini ya gari na nguo yangu ya kanisa, nikaifunga ile giaboksi na gunia la maji kama mtoto mwenye homa. Moshi ulitoka, nikasema joto linatoka. Joto lilikuwa ndani kwa mafuta, na mafuta hayakuwa na mahali pa kwenda. Gunia lilikauka na sisi tukabaki pale pale.

Halafu likaja lori la kabeji linaenda Nairobi. Dereva alikuwa mzee, Mkikuyu, kofia ya manyoya. Akashuka, akaangalia ndani, akauliza, "Hii ni otomatiki?"

Baba yako akasema ndiyo.

"Basi tufungue shafti kwanza. Hiyo ndefu ya chini. Nitaiweka juu ya kabeji, mkifika mnairudisha. Otomatiki haivutwi na magurudumu yake chini hivi hivi."

Achieng', mimi nilimwangalia yule mzee, nikaangalia kabeji, nikaangalia ile barabara tupu. Nikamwambia baba yako kwa Kijaluo, "Huyu anataka shafti. Tutafika Kangemi yeye ameshaingia vichochoro na shafti yetu."

Baba yako akaniuliza, "Sasa?"

Nikajibu mimi mwenyewe, kwa Kiswahili, kwa yule mzee, "Haina haja ya kufungua. Iko fri."

Akaniangalia. Akasema, "Iko fri?"

"Iko fri kabisa."

"Haya mama. Gari ni yenu."

Akafunga kamba. Baba yako akashika usukani, mimi nikakaa kando yake, na tulipopita Limuru watoto walikuwa wanaangalia, nikawapungia. Hiyo ndiyo sehemu ya kuchekesha. Nilikuwa nimewashinda watu. Nimeokoa petroli, nimeokoa shafti, na sasa navutwa mpaka mlangoni bure. Nilipunga kama bibi harusi. Na chini ya kiti changu kila mzunguko wa gurudumu ulikuwa unamaliza kile ambacho mteremko ulibakisha. Labda ingetengenezeka Naivasha. Sijui. Mutua alipoifungua, yale mafuta yalitoka na vumbi la chuma linang'aa ndani yake. Akafunga macho kidogo, akaniuliza, "Nani aliwavuta?"

Ile gari haikuamka tena. Baba yako alivumilia mwaka akibeba mizigo, akachoka, akaenda nyumbani kulima, na wewe ukatoka shule ukiwa fom two. Hii ya mwisho haimo kwa hadithi yake. Watu wamecheka, chakula kimeletwa, wewe uko kando unaosha vyombo.

Sikuambii ili unionee huruma, na huruma yako yenyewe iko mbali siku hizi. Nakuambia kwa sababu jana ulipogonga ile dashibodi nilijisikia mimi mwenyewe naongea. "Iko fiti." "Iko fri." Ni sauti moja. Na nikaona mimi sasa ndiye yule mzee wa kofia ya manyoya, nimesimama barabarani na neno langu, na msichana mwenye haraka ananiangalia kama mwizi wa shafti.

Yule mzee hakunilazimisha. Nimemfikiria sana. Wakati mwingine namlaumu, nasema angenifokea, angekataa kutuvuta. Wakati mwingine naona alikuwa na kabeji zake za kuwahisha soko na mimi nilikuwa mkaidi, angefanya nini. Sijajua mpaka leo.

Kwa hivyo sikia. Usiweke fri ukiteremka. Hata wakikucheka, hata mtu wa kando akikwambia unachoma mafuta ovyo. Hata akiwa ni mwanamume umempenda. Tena nimekuona pale kona ya Olympic, barabara imepanda, umesimama kwa foleni, mguu uko kwa aksileta kidogo ili gari isirudi nyuma. Unaishikilia hapo inatetemeka, unaona ni ujuzi. Giaboksi inapikwa hapo, umesimama. Breki imewekwa ya nini? Mlima ukiwa mrefu, usiiachie ijichagulie gia, inapanda inashuka, inapanda inashuka kama mtu hana msimamo. Iweke kwa mbili, uende pole, lori zikupite. Na ukisikia ile harufu simama, weka kwa P, usizime injini, iache ingurume ili mafuta yazunguke yapoe. Lakini yatapoa tu kama kuna mahali pa kupoa. Kwa ule mpira yatazunguka usiku kucha na hayatapoa.

Hapo ndipo naogopa. Nitakwambia kile naona nikifumba macho. Naona uko kule juu Mau Summit, ule msitu, baridi, jua limeenda. Injini inalia na gari haiendi. Robota za watu ziko ndani. Uko peke yako kwa sababu ulikataa binamu yako akusindikize, ukasema utafanya nini na mwanamume asiyejua hata kubadilisha tairi, na hapo sikukulaumu. Halafu taa za gari linasimama nyuma yako. Sijui ni nani anashuka. Wewe pia hujui. Anasema, nikuvute? Mimi nilipata mzee wa kabeji. Si kila mtu anapata mzee wa kabeji.

Na usidhani sitaki uende. Watu wa hapa wanasema Mama Achi anatafuta sababu. Mama Wanza wa mlango wa pili aliniambia jana, "Wewe ungekuwa na uwezo ungemfunga huyo msichana na kamba ya mbuzi." Si kweli. Tangu utoke shule nimekuona ukikaa pale garage kati ya wanaume, wanakuita "fundi wa kike", wanakutuma sigara, unaleta spana kabla hawajaitaja. Nilijua utaondoka siku moja, na nilitaka uondoke na kitu chako, si kumfuata mtu. Ile gari umeijenga. Hata kelele yake ni yako, inasikika kutoka stegi ya matatu. Ndiyo maana sitaki ife kama ile nyingine, kwa sababu ya mwanamke mmoja ambaye hakutaka kungoja.

Sasa nimefika kwa ile sehemu ambayo utaitupa hii barua. Ningeanza nayo, lakini ungekimbia kumgombeza Mutua kabla hujaelewa.

Jioni, ulipoenda kuaga wenzako wa kwaya, nilirudi Kawangware. Mutua alikuwa anafunga. Nikamwambia afungue ule mpira.

Akasema, "Mama Achi, nimekwambia gari si yako."

"Najua. Mtoto ndiye wangu."

"Ataniua kesho."

"Atakuua akiwa hai. Hiyo nitavumilia."

Alicheka, halafu hakucheka. Akaingia chini akaufungua, mafuta yote yale ya kuungua yakamwagika kwa beseni, yananuka mpaka yule wa kupiga rangi akaja kuangalia na hakuongea habari ya hamira. Nimebeba ule mpira ndani ya kikapu mpaka nyumbani. Nikautia kwa jiko. Mama Wanza alitoka nje akiwa amefunika pua, akaniuliza kama siku hizi tunapika tairi. Kwa hivyo usiutafute. Haupo.

Rejeta ndogo iko garage. Imetoka kwa gari la skrapu, Mutua ameipuliza, haivuji. Itakaa mbele kabisa ya ile kubwa, mahali upepo unaifikia kwanza, na mabomba yatapita mbali na ekzosti. Bado vyuma vya kuishikilia vinataka kuchomelewa, na mtu wa weldingi anaanza kazi asubuhi. Halafu mafuta mapya, mekundu, yapimwe injini ikiwa moto, yasipungue na yasizidi, yakizidi yanatoa povu. Mutua anasema mkianza mapema mtamaliza saa sita, saa saba. Utalala Nakuru kwa binti ya shangazi yako na utapanda Mau Summit kesho mchana, ukiona barabara. Soko la kwanza litakupita. Najua. Wateja wa soko hawangoji, nimeuza vitu maisha yangu yote, sihitaji kuambiwa.

Sijakufunga na kamba ya mbuzi, Achieng'. Mpira kama ule unauzwa duka la kwanza ukishuka Kawangware, na klipu mbili, na wewe unaweza kuukaza mwenyewe hata bila Mutua. Nimekunyima asubuhi moja tu. Ukija na mpira mpya mkononi sitakunyang'anya. Nitakushikia tochi, kwa sababu kama ni lazima uende nao, basi usivuje njiani. Lakini nitakuwa nalia, na unajua nikilia siwezi kuhesabu maandazi, kila mtu atapewa zaidi, na wewe ndiye utakuwa umeniharibia biashara.

Vaa kiatu. Njoo.

Mimi mamako, niko kwa jiko, upande wa kulia wa geti.